Mpaka Taa ya Manjano Izime

Kwanza ni kidole kikipapasa ukuta, krr, krr, kikitafuta msumari. Kisha funguo zikagongana mara mbili, na nyumba ikanyamaza tena.

Nilikuwa macho gizani, nimelala ubavu. Nikanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda pale anapolala binti yangu. Shuka lilikuwa bado lina joto, lakini mwenyewe hayupo.

Sauti ile ya funguo imeniamsha utoto wangu wote. Baba alikuwa dereva wa teksi, na funguo za Benzi yake zilitundikwa kwenye msumari kando ya mlango wa jikoni. Kila alfajiri alizichukua bila kuwasha taa, eti asituamshe, na kila alfajiri alituamsha. Siku hizo nilikuwa nageuka upande wa pili, nalala tena. Sauti ile ilikuwa na maana ya mkate na daftari jipya.

Miezi ya karibuni nilipoisikia nilikuwa nabana pumzi, kwa sababu Baba alikuwa haoni.

Mwenyewe hakukubali kusema hivyo. Alisema "ukungu." Saa saba mchana, jua linapasua mawe, Baba anatoka barazani, anakunja uso, anasema, "Leo kuna ukungu." Alimwaga chai kando ya kikombe, akalaumu kikombe kwa kusogea. Siku moja alimsalimia jirani yetu, fundi cherehani, kwa adabu zote, akidhani ni mke wa yule fundi. Fundi hana dogo. Akabana sauti ya kike, "Salama tu, shemeji, za kwako?" Watu waliokuwepo wakacheka hadi kushika mbavu, na Baba akacheka nao. Jioni ile hakula.

Nikampeleka kwa daktari wa macho kwa hila, nikimwambia ni mimi ninayetaka miwani. Daktari alimmulika, akanimulika mimi pia ili uongo wangu upate stara, kisha akasema, "Mzee, ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kulia tulitoe Alhamisi, saa mbili asubuhi. Nafasi hii imepatikana kwa bahati. Ukiikosa, ijayo ni baada ya miezi mitano, na kwa hali hii, miezi mitano ni mingi."

Alhamisi yenyewe ndiyo ile alfajiri.

Mume wangu yuko mbali na kampuni ya barabara, hurudi mwisho wa mwezi. Alikuwa amempigia simu kijana mmoja mwenye gari dogo aje kutuchukua saa kumi na mbili na nusu. Nilimweleza Baba Jumatano jioni, mezani. Akaweka kijiko chini.

"Mimi nibebwe?"

"Ndiyo, Baba. Ubebwe."

"Nimebeba watu miaka thelathini na moja. Nimebeba maharusi. Nimebeba wagonjwa. Nimebeba mwalimu mkuu na mbuzi wake, mbuzi kakaa mbele. Mimi sijawahi kubebwa."

"Bibi alikubeba mgongoni."

"Wakati huo sikuwa na leseni."

Binti yangu, mwenye miaka minne, alicheka bila kuelewa, kama anavyocheka kwa kila neno la babu yake. Baba humwita Bosi. Alianza kumwita hivyo tangu alipoweza kukaa mwenyewe kiti cha nyuma, akinyoosha kidole kuelekeza gari lililoegeshwa liende wapi.

"Naenda na Benzi," Baba akasema, "au siendi."

"Na nani ataiendesha?"

Akashika kijiko chake tena. Na mimi, ambaye leseni yangu ya miezi mitatu ilikuwa imelala ndani ya kitabu cha historia juu ya kabati, nikanyanyua sahani nikaenda kuziosha.

Lazima nieleze kwa nini nilinyamaza.

Benzi ile ilifika ikiwa mpya kwenye kinu cha unga alichofanyia kazi Baba. Yeye alikuwa na miaka ishirini na minane, dereva wa mkurugenzi. Ni nyeupe, ya dizeli, yenye usukani mkubwa kama sinia na nyota juu ya boneti. Aliiendesha miaka tisa kabla haijawa yake. Siku kinu kilipoyauza magari yake ya zamani, wenzake walikimbilia yale madogo ya petroli. Hii hakuna aliyeigusa. Walisema inachelewa kuwaka, na tayari ilikuwa imetembea kilomita laki tatu, imezeeka. Baba alisema ndiyo kwanza imebalehe. Akaichukua, akaipaka mstari wa teksi ubavuni, akabeba nayo watu miaka mingine ishirini na miwili. Nyota yake iliibiwa mara mbili. Ya tatu alitengenezewa na mchomeleaji, imepinda kidogo kushoto, na hakuna mwizi aliyeitaka.

Sasa, hilo la kuchelewa kuwaka. Dizeli ya zamani haiwashwi kama unavyobonyeza taa ya chumbani. Unazungusha ufunguo nusu tu. Kwenye dashibodi inawaka taa ndogo ya manjano yenye alama ya waya uliojikunja. Ndani huko injini inapashwa moto. Unasubiri. Asubuhi ya baridi unaweza kuhesabu hadi ishirini. Taa ikizima, hapo ndipo unamalizia kuzungusha, na injini inaitika kwa ule mlio wake wa kutikisa misumari ndani ya kopo.

Baba hakupoteza kile kipindi cha kusubiri. Kila mara alimgeukia abiria wake na kumuuliza, "Tumesahau nini?" Mtaani swali lile lilikuwa maarufu. Bwana harusi alikumbuka pete. Mama mmoja aliyekuwa akienda hospitali alikumbuka picha ya mguu wake uliovunjika, imebaki uvunguni. Bwana mwingine alijibu kwa kujiamini, "Hakuna!" na taa ilipozima wakaondoka, wakafika njia kuu ndipo akapiga kelele, kwani alikuwa amemwacha mkewe anafunga mlango.

Ila katika miaka yote hiyo, kiti cha dereva hakikukaliwa na mtu mwingine. "Gari na mswaki haviazimwi," Baba alisema. Mama alimwomba amfundishe. Nakumbuka vizuri, nilikuwa nyuma nikisikiliza. Mama alikuwa akikaa mbele Jumapili jioni, mkono wake ukiwa juu ya mkono wa Baba, na mkono wa Baba juu ya gia, wanabadilisha pamoja. "Lini utanipa niendeshe mwenyewe?" Baba alimwambia kesho. Alimwambia tukishabadilisha oili. Alimwambia mvua zikiisha. Miaka sita iliyopita Mama alitangulia, na kesho ile haikufika.

Kwa hiyo nilipojiandikisha chuo cha udereva, nikajifunzia kigari cha petroli cha mwalimu, Baba alisema tu, "Vizuri." Nami sikuomba. Nilimwona Mama alivyoomba.

Jambo moja lilitaka kubadilisha mambo, nalo lilitoka darasani. Nasoma masomo ya jioni, maana shule niliiacha njiani Bosi alipokaribia kuja duniani. Mwalimu wetu wa historia alitupa kazi ya kuandika historia ya kitu kimoja kilichomo nyumbani. Mwenzangu mmoja aliandika cherehani, mwingine redio ya marehemu babu yake. Mimi niliandika Benzi. Nilimhoji Baba, kisha nikaenda maktaba kutafuta yaliyotangulia, huko ilikozaliwa, na jioni moja nikamsomea huku akimenya vitunguu kwa kupapasa.

Nikamsomea kwamba huko Ujerumani, zaidi ya miaka mia moja na thelathini iliyopita, fundi mmoja alitengeneza gari la magurudumu matatu, lakini watu wakaliogopa. Akakata tamaa. Basi mkewe, alfajiri moja, mume amelala fofofo, akaliondoa gari kimyakimya na wanawe wawili, akaacha kijibarua mezani, akaenda nalo kwa mama yake mzazi, karibu kilomita mia moja. Hakuna aliyewahi kusafiri hivyo. Mafuta yalipoisha akanunua dawa ya kusafishia nguo kwenye duka la dawa. Mrija ulipoziba akauzibua kwa pini ya kofia yake. Milima ilipomshinda wanawe wakasukuma. Na breki zilipolika akamwomba fundi viatu azipigilie ngozi.

Baba aliacha kumenya. "Kumbe gari la kwanza liliibwa na mke!"

"Na si hilo tu, Baba. Jina lile lingine linalotangulia Benzi, lilikuwa jina la mtoto wa kike, binti wa mfanyabiashara aliyekuwa akiyauza."

"Ina maana miaka thelathini na moja naendesha binti wa watu." Akacheka, kisha akarudi kumenya, vitunguu vikimtoa machozi. Au nilidhani ni vitunguu. "Mama yako angeipenda hiyo ya pini," akasema.

Nilisubiri aseme neno moja zaidi. Hakulisema, na mimi sikuliomba.

Basi alfajiri ile ya Alhamisi niliposikia funguo na kukuta shuka tupu, nilitoka na kanga begani, miguu mitupu. Kuipasha injini moto kila asubuhi ilikuwa ni desturi yake hata baada ya kuacha kazi. Nilimwacha kwa sababu nilijua anawasha, anasikiliza dakika tano, anazima, anarudi ndani. Lakini nilipofika uani niliona geti liko wazi, limefunguliwa pande zote mbili.

Ndani ya gari kulikuwa na mwanga mdogo wa manjano, na vichwa viwili. Bosi alikuwa amesimama nyuma kati ya viti, kidevu juu ya bega la babu yake, macho kwenye dashibodi. Kioo kilikuwa chini, nikamsikia.

"Bado, Babu. Bado. Bado."

Hapo ndipo nilipoelewa. Miezi yote ile, Baba hakuwa akiiona taa. Mtoto ndiye aliyekuwa akimwambia.

Nikafungua mlango. Baba akashtuka, akarudisha ufunguo nyuma, na taa ikafa.

"Baba, unaenda wapi?"

"Siendi popote. Naipasha moto."

"Na koti?"

"Kuna baridi."

"Na kadi ya hospitali mfuko wa juu?"

Akaufunika mfuko kwa kiganja, kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Na geti, Baba?"

"Barabara ni nyeupe saa hizi," akasema polepole. "Hakuna magari. Njia naijua. Ningeweza kwenda nimefumba macho."

"Ndivyo ambavyo ungekwenda, Baba. Umefumba macho. Na mtoto ndani?"

"Aa, huyu ningemshusha getini."

"Hapana, Babu," Bosi akaingilia, kwa haki kabisa. "Ulisema mimi nitakuambia kama mbele kuna watu."

Nilisikia hasira ikinipanda, kisha nikaangalia chini na hasira ikaniishia miguuni, kwani Baba alikuwa amevaa viatu vyake vya kazi, amevipaka dawa vinang'aa, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia.

Nikachuchumaa kando ya mlango, nikashika goti lake.

"Baba, sogea."

Mikono yake ilibana usukani.

"Leseni ninayo. Ina miezi mitatu sasa. Nakuomba mara moja tu, sitaomba tena. Ukisema kesho, mimi nitamngoja yule kijana, na wewe hutakwenda, na miezi mitano ikipita hutamwona huyu Bosi akianza shule. Utamsikia tu." Nikalibana goti lake. "Mama ulimwambia kesho, akanyamaza. Mimi leo sinyamazi."

Jogoo wa mtu akawika, akakosea, akaanza upya.

"Nilimwambia kesho," Baba akasema. Hakuniambia mimi, aliuambia usukani. "Kila mara nilijua kuna kesho."

Akatoka. Akazunguka mbele ya gari, mkono ukiteleza juu ya boneti, ukapita juu ya ile nyota iliyopinda, ukafika upande wa pili. Akaingia kiti cha Mama, akafunga mlango, na mikono yake haikujua pa kukaa. Ikapapasa kwenye dashibodi. Ikafungua kijidroo.

"Huku kuna droo kubwa hivi?" Kisha vidole vyake vikasimama. Akatoa kitu chembamba, akakisugua kwa kidole gumba. Ilikuwa pini, ya aina aliyobania Mama kilemba chake, imeota kutu kidogo kwenye ncha. Aliifungia kiganjani. Nikachomoa funguo, nikakimbia ndani kuvaa na kuchukua leseni, nikampigia yule kijana asije, nikarudi.

Nikakaa. Kiti kilikuwa na shimo la umbo la Baba, nikazama ndani yake. Nikaweka ufunguo, nikazungusha mpaka mwisho, kama nilivyofunzwa.

Gari likalia *nye-nye-nye-nye*, likakohoa, likanyamaza. Nikarudia. *Nye-nye... nye.* Mara hii sauti ilikuwa chini zaidi.

"Hiyo betri ni mzee mwenzangu," Baba akasema kwa utulivu. "Ina moja tu iliyobaki, kama inayo. Mbona unaiamsha kwa teke? Mzee haamshwi hivyo. Mpe shikamoo kwanza."

Nilikuwa nimesahau. Mimi, niliyeandika kurasa nane za historia yake! Chuo cha udereva kilinifundisha washa-nenda, na mkono wangu ukafuata chuo. Nikazungusha nusu. Taa ya manjano ikawaka.

"Tumesahau nini?" Baba akauliza gizani, kwa mazoea, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya dereva.

"Viatu, Baba."

"Nimevaa."

"Umevaa jozi mbili, nusu nusu."

Akainama kuvipapasa, akaanza kucheka, na mimi nikacheka. Taa ikazima, nikaiona kwa macho yangu, nikazungusha. Injini ikaitika. Kopo la misumari, tamu kuliko muziki.

"Hiyo ni kazi yangu!" Bosi akalia nyuma, amekasirika kweli. "Mimi ndiye nasemaga taa!"

"Samahani, Bosi. Ni haraka ya leo. Kaa chini, funga mkanda."

Bila shaka gari halikwenda. Nilitafuta breki ya mkono, sikuiona. Baba akasubiri hadi nikakiri. "Katika gari hili breki ya mkono iko mguuni," akasema. "Vuta kile kishikio chini ya usukani kuiachia. Ni siri ya wenye nyumba." Nikavuta. Tukatoka getini kwa mruko mmoja na nusu.

Fundi cherehani alikuwa akifagia mbele ya duka lake. Akamwona Baba upande wa abiria, akaniona mimi, ufagio ukamtoka. "Shemeji! Umeajiri dereva?"

Baba akatoa kichwa dirishani. "Msomi huyu! Anasoma mpaka jioni!"

Aliniendesha kwa masikio. Alikaa wima, ngumi yenye pini juu ya goti, na kila injini ilipobadili sauti naye alibadili uso. "Weka namba tatu, hiyo mbili inalia. Usiibane klachi kama unamchukia mtu. Haya, sasa kuna shimo kushoto, lipishe." Lilikuwepo. "Hapa ni kwa waoka mikate, nasikia harufu. Baada ya hapa ni mzunguko. Iweke nyota katikati ya njia yako, usitazame magari ya watu, itazame nyota."

Nikaitazama nyota. Lakini nyota ya mchomeleaji imepinda kushoto, kwa hiyo nilikuwa natusogeza sote mtaroni taratibu mpaka nikakumbuka kutoa tofauti. Kwenye mzunguko injini ikanizimikia. Nyuma yetu honi zikaanza, moja, tatu, kumi. Jasho likanishuka hadi kwenye nyusi.

"Waache wapige," Baba akasema. "Honi haijawahi kusukuma gari. Ni ya moto sasa, haina haja ya kusubiri sana. Taratibu, mama."

Aliniita mama. Akina baba wengi huwaita binti zao hivyo, si ajabu. Lakini alikuwa hajaniita hivyo tangu nikiwa na umri wa Bosi.

Tulifika saa mbili kasoro dakika kumi. Muuguzi mlangoni alitazama kadi, akatazama viatu, akamtazama Baba. "Mzee, hii ni fasheni mpya?" Baba akamjibu, "Nimekuja mtengeneze macho, viatu tutaongea baadaye." Kisha akageuka kuelekea sauti yangu, akaninyooshea mkono kama anayenipa funguo, ingawa funguo zilikuwa tayari mkononi mwangu. Alichonipa ni ile pini. "Nishikie hiyo," akasema. "Ni ya watu."

Walimtoa baada ya saa moja, jicho moja limefungwa pamba nyeupe, wakasema alale pale hadi kesho. Nikarudi na Bosi peke yangu. Kwenye ule mzunguko haikunizimikia, na hakukuwa na wa kumwonyesha isipokuwa Bosi, ambaye alikuwa amelala.

Ijumaa asubuhi tulimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda. Muuguzi alivuta pamba taratibu, akasafisha, akasema, "Fungua, mzee, usikurupuke."

Baba akafungua. Jicho lilikuwa jekundu kidogo, lina maji. Lilizunguka chumbani, likapita dirishani, likarudi, likamwendea Bosi. Alimtazama muda mrefu hadi mtoto akaona haya akajificha nyuma ya sketi yangu.

"Ana kidoti," Baba akasema. "Hapa chini ya sikio. Hakuna aliyeniambia ana kidoti."

Kisha akanitazama mimi. Nilijiandaa kwa neno kubwa.

"Hizo nywele," akasema, "hujachana?"

"Baba, nimeamka saa kumi na moja kukufuata!"

"Nimeuliza tu. Naona, ndiyo maana nauliza." Akashindwa kujizuia, akatabasamu, akafuta shavu kwa nyuma ya mkono upande usio na dawa.

Uwanjani, alipoifikia Benzi, alisimama. Aliizunguka yote. Akaona rangi iliyochubuka mlangoni, akaona bati la nyuma lililobonyea. "Mbona hamkuniambia imeharibika hivi? Nani aliyeigonga hapa?"

"Wewe, Baba. Getini, mwezi wa tatu. Ulisema geti limesogea."

"Ah." Akalipapasa lile bonde kama anayemwomba mtu radhi.

Daktari alikuwa amesema asiendeshe mpaka la kushoto nalo litolewe, na alisema mbele yake. Lakini namjua Baba. Nikanyoosha mkono, nikamtolea funguo kwenye kiganja, kwa kuwa gari ni lake na sikutaka kumnyang'anya kwa maneno ya daktari. Alizichukua. Akazipima uzito, zikagongana mara mbili, sauti ileile ya msumarini.

Akaenda upande wa dereva, akaufungua mlango mpaka mwisho, akasimama kando yake, mgongo wima, mkono mmoja juu ya mlango, kama alivyowafungulia maharusi na wagonjwa na mwalimu mkuu na mbuzi wake.

"Karibu, dereva," akasema.

Akaniwekea funguo mkononi. Akazunguka, akakaa kiti cha Mama. Nikamrudishia pini yake, naye akaichomeka kwenye ukosi wa koti, mahali atakapoiona.

Nikaweka ufunguo. Nusu tu. Taa ndogo ya manjano ikawaka, na nikaona jicho la Baba likiifuata, likatulia juu yake. Miezi mingi hawajaonana.

"Tumesahau nini?" nikauliza, kwa kuwa sasa lilikuwa swali langu.

Baba alitazama viatu vyake, kimoja cheusi na kimoja cha kahawia. Akagusa kadi mfukoni. Akagusa ukosi. "Leo hakuna," akasema.

Tukasubiri. Uwanja ulikuwa kimya, mtu mmoja tu akisukuma kitanda chenye magurudumu kule mbali. Kisha taa ikazima. Niliiona. Na Baba aliiona, nina hakika, kwa sababu mdomo wake ulifunguka kutaka kusema. Halafu akaufunga. Akageuza uso akatazama mbele, kwenye ile nyota iliyopinda, kama mtu ambaye hakuona kitu. Mikono yake ikatulia mapajani. Alikuwa anangoja.

Nami nikaacha mkono wangu kwenye ufunguo, nikangoja naye.

Nyuma yetu mkanda ulilia, kidevu kidogo kikaja kutua kati ya viti, na Bosi akavuta pumzi.

"Mama, taa imezima."